Chiriku na Shule Zenye Skrini

Chiriku alianguka mara ya kwanza akitazama katuni kwa jirani. Mwili ulikakamaa, macho yakageuka juu, na mama yake aliyekuwa akianua nguo uani akaja mbio, akidhani mtoto kapigwa na umeme. Daktari aliwaeleza taratibu: ni kifafa, na kwake kinaamshwa na mwanga unaometameta. Dawa atakunywa, lakini akae mbali na skrini.

Nyumbani haikuwa shida. Baba yake, fundi wa makochi, aliibeba runinga yao siku ileile akampa shemeji yake. Kazi ilikuwa kumpatia shule.

Shule ya kwanza, mwalimu aliwatembeza kwa fahari. Kila mtoto na tableti yake. "Hapa hata harufu ya chaki tumeisahau," alisema. Fundi alipoeleza hali ya binti yake, mwalimu akapoa. "Labda mumpeleke shule maalumu."

"Maalumu ya nini? Huyu anasoma, anahesabu, na kwa maneno anatushinda sote!"

Ya pili wakaambiwa mtoto avae miwani ya jua darasani. Mama yake alicheka mpaka getini. Walipotoka nje, akalia.

Hatimaye wakaelekezwa kwenye shule ndogo nyuma ya karakana ya mbao. Mwalimu mkuu alikuwa mjane mnene, mcheshi. Wanafunzi wake walihesabu kwa vizibo vya soda.

"Skrini? Mimi mwenyewe simu yangu ya tochi. Mleteni mjukuu wangu."

Muhula mzima Chiriku alirudi nyumbani na chaki mpaka kwenye nyusi, akimfundisha mama yake nyimbo alizojifunza. Wazazi wakaanza kupumua.

Shule zilipofunguliwa tena, fundi aliikuta skrini pana kama mlango imetundikwa darasani. Mwalimu mkuu hakuweza kumtazama usoni.

"Wazazi wamenijia juu, baba. Wanasema nawafuga watoto wao kizamani. Wengine wameshahama. Ningekataa, ningebaki kuyafundisha madawati."

"Na huyu wangu?"

"Ikiwashwa, atakaa barazani. Kazi yake nitamletea mwenyewe."

Fundi hakupenda, lakini angekwenda wapi? Mnyonge hana chaguo.

Siku za mwanzo mwalimu alimletea kazi kweli. Baadaye akazidiwa, na skrini ikawa haizimwi. Chiriku alikaa na ubao wake magotini, akisikiliza wenzake wakiangua kicheko. Asubuhi moja walicheka sana. Akapanda juu ya ndoo, akachungulia dirishani.

Fundi alipoitwa na kufika, binti yake alikuwa kwenye mkeka, mdomo umepasuka, meno mawili ya mbele hayapo.

"Nilitaka kuona kinachowachekesha," alisema alipopata nguvu.

"Ulikiona?"

Akatikisa kichwa kukataa.

Fundi alizunguka shule nyingine, na kila geti lilikuwa na picha ya mtoto ameshika tableti. Mwishowe akaacha hata kuuliza. Usiku, mkewe akimwambia wajaribu tena, aligeukia ukutani.

Sasa Chiriku hushinda kwenye karakana ya baba yake, aking'oa misumari kwenye mbao kuukuu. Hazungumzi sana. Saa ya watoto kutoka shule ikifika, husogea nyuma ya kochi lolote lililopo, akajikunja hapo mpaka sauti zao zipite. Baba yake humwona. Huendelea kugonga nyundo, kwa nguvu zaidi.