Mwavita na Masini Mbili

Mimi njo Mwavita binti Masudi, daktilo, yaani mpiga taipu, wa mradi wa mpunga hapa Kindu, na siku ile niliposikia kwamba kiti changu huenda kikapewa Hamadi, nilicheka mbele ya watu kisha nikaenda kulia chooni. Nasema ukweli, sioni haya. Miaka kumi na sita nimekalia kiti kile. Barua zote za mradi, za Lokandu, za Kailo, za Kinshasa kwa wakubwa, zimepita chini ya vidole hivi kumi.

Shauri lilianza na masanduku mawili. Mwaka ule wa themanini na tisa wafadhili Wabeleji walituletea ordinatere, hiyo kompyuta. Kabla hatujaizoea, wafadhili Waamerika nao wakaleta ya kwao, ndogo, nyeupe, ina picha ya pome, lile tunda la wazungu, tena limeumwa pembeni. Direkta wetu, aitwaye Waziri, ambaye wote tulimwita Sitwayeni, yaani mwananchi, akaziweka meza moja, akavuta kola ya abakosti yake, koti lile lisilo na tai, akatutangazia:

"Masini mbili, operatere mumoja. Alhamisi ya mwisho wa mwezi mutafanya jaribio, wewe Mwavita na huyu Hamadi. Mwenye kushinda njo mwenye kiti. Mwingine tutamushukuru."

Kushukuriwa, kwa lugha ya biro, hizi ofisi zetu, ni kurudi nyumbani. Na nyumbani kwangu mimi mjane ni Kailo kwa kaka yangu, ambako wifi angenifungulia mlango kwa mguno na kuufunga kwa mguno. Afadhali nife!

Huyu Hamadi ni mutoto wa hapa hapa, wa nyuma ya msikiti, nimemjua anatambaa. Alikuwa ametoka Kinshasa na diploma na saa kubwa mkononi. Akanijia kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa.

"Mama Mwavita, usijisumbue. Hii njo kazi ya vijana. Wewe pumzika."

Nipumzike! Mtu wa miaka arobaini na tatu! Nikamwambia kupumzika kupo kaburini, na safari hiyo sijaikatia tiketi.

Masini ya Wabeleji haikunisumbua. Herufi zake zimepangwa vilevile kama kwenye taipureta za masista walionifundisha kazi. Masista wale walikuwa wakitufunika mikono kwa kitambaa tusione vitufe, na ukichungulia, rula inatua kwenye vidole. Hata leo mkono wangu unajua herufi ilipo kuliko jicho. Kumbe ujuzi ule ule njo ulioniponza kwa masini ya pili. Kule herufi zimehama! Pale masista walipoiweka A, Waamerika wameweka Q. Pale pa Z, amekaa W.

Wiki ya kwanza niliandika barua ndefu ya mbegu za Kasongo. Nikafuta mstari mmoja kwa bahati mbaya. Masini ile ina njia ya mkato ya kurudisha ulichokosea: unabonyeza kitufe cha pome pamoja na Z. Vizuri. Kidole kikaenda kilikofundishwa na masista, kikaangukia W, na pome na W maana yake ni kufunga. Masini ikaniuliza swali kwa Kiingereza, majibu chini, Yes na No. Mimi nikadhani inauliza kama nataka kufunga. Nikajibu No. Lo! Kumbe imeuliza kama nataka kuihifadhi kazi yangu. Barua yote ikaenda na maji. Niliitukana ile masini mwana haramu, na ilikuwa Ramadhani, ikabidi niombe istighfari palepale.

Hasira ikanipa akili. Nilichana ubavu wa sanduku la karatasi ngumu, nikachora vitufe vya masini zote mbili, hii juu, hii chini, nikaandika kila kazi na njia yake huku na kule. Lakini karatasi si kichwa. Nikajiuliza, mimi Kurani niliiingizaje kichwani, mtoto nisiyejua hata Kiarabu? Kwa kuimba chuoni kwa maalim, mwili unayumba, mpaka ulimi wenyewe unakataa kukosea. Basi kila adhuhuri, gurupu, ile jenereta ya umeme, likizimwa na watu wakienda kupumzika, mimi nakaa mbele ya karatasi yangu ngumu, vidole juu ya michoro, nayumba:

"Kuhifadhi: kwa Beleji F kumi, kwa Amerika pome na S. Kuchapa: kwa Beleji Shifti na F saba, kwa Amerika pome na P. Kurudisha: kwa Beleji F moja, kwa Amerika pome na Z, Z ya chini, Z ya chini, Z ya chini!"

Safi, mtunza mafaili, akanikuta hivyo. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Njooni muone! Mwavita anasilimisha ordinatere!"

Biro nzima ikawa na wimbo. Nikipita ukumbini, wananiitikia, "Z ya chini!" Wacheke tu. Meno si kazi.

Nikamwonya Hamadi, Mungu ni shahidi wangu. Nilimwambia, "Mwanangu, kwa masini ya pome angalia mkono wako, Z imehama." Naye alisoma kwa masista wale wale, kitambaa kile kile. Akanijibu, "Mama, niko najua. Kinshasa tulikuwa nazo." Haya. Mwenye kusema nimesema.

Alhamisi ile saa tatu gurupu likaanza kunguruma. Direkta alitupa ripoti moja, kurasa mbili: uiandike yote kwa masini hii, uichape, kisha ubadilishane na mwenzako, uiandike upya kwa ile. Watu wamejaa madirishani. Hamadi akajichagulia ya Wabeleji. Mimi nikaanza na pome.

Wallahi kijana ana mbio. Vidole vyake vilikuwa mvua juu ya bati. Mimi naenda pole, kila aya nahifadhi, pome na S, pome na S. Aliichapa ripoti yake, akaja kusimama nyuma yangu mikono mfukoni, akipiga mluzi, wakati mimi bado aya nzima. Nikaiona Kailo, nikamwona wifi na mguno wake. Jasho likaniingia machoni, lakini sikuharakisha.

Nilipochapa yangu, tukabadilishana. Sasa mimi niko nyumbani, kwa herufi za masista, nikaachia mikono. Yeye kwa pome akapungua mwendo, anatafuta herufi kwa macho, moja moja, lakini bado yuko mbele. Na sikuona akihifadhi hata mara moja. Kwa pome F kumi haikuwapo, naye hakutaka kuuliza.

Amebakiza mistari mitatu, akafuta aya bila kutaka. Nikasikia, "Ah!" Herufi alikuwa akizitazama, lakini mtu akishtuka hatazami, mkono unakwenda wenyewe. Kidole kikaruka juu, kikaangukia W. Masini ikauliza.

"Non, non!" akasema Hamadi, na akabonyeza No.

Kioo kikawa cheupe. Kurasa mbili, hakuna hata nukta.

Mimi sikugeuka. Nilimaliza neno la mwisho, nikabonyeza F kumi. Nilipofika kuchapa, nikasita, maana F saba bila Shifti ni kutoka nje ya kazi. Nikaimba kwa sauti, mbele ya Direkta na watu wote: "Kuchapa, kwa Beleji, Shifti na F saba!" Mashine ya kuchapisha ikalia kirrr, kirrr, karatasi ikatoka safi, na madirishani vigelegele vikapasuka, "Z ya chini! Z ya chini!" Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa kufurahi namna ile.

Hamadi alibaki anakitazama kioo. Kisha akaja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, ulinionya."

"Njoo Jumatatu adhuhuri," nikamwambia. "Tutaimba wote."

Direkta Waziri alizisoma ripoti zangu mbili mpaka mwisho, akakohoa.

"Sawa. Hongera, Mwavita. Kiti ni chako. Barua yako tutaiona wiki ijayo."

Wiki ijayo! Mimi naijua wiki ijayo ya biro yetu, ina ndevu nyeupe.

"Hapana, Sitwayeni Direkta," nikasema. "Gurupu linanguruma bado. Operatere unaye. Taja maneno, mimi naandika."

Watu wakacheka, naye akaona hana pa kutokea. Akasimama wima, akataja, na mimi nikaandika bila kutazama vitufe: kwamba kuanzia leo, Mwavita binti Masudi ni operatere wa masini zote mbili za mradi. Nikahifadhi. Nikachapa. Nikaweka karatasi mbele yake ingali na joto, nikamfungulia kalamu.

"Sahihi hapa chini," nikamwambia, "na muhuri."