Suti Iliyofungiwa Sahani

Mtaani walimwita Bwana Punguza, na yeye hakuwahi kulichukia jina hilo. Alikuwa mtunza stoo mstaafu wa kiwanda cha sabuni. Kazi aliiacha, lakini ubahili haukuwa na umri wa kustaafu. Mbele ya muuzaji yeyote, hata wa kiberiti, neno lake la kwanza lilikuwa "punguza". Kwa hiyo mkewe alipopata uhamisho wa kwenda kuwa mwalimu mkuu katika mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, alijua fika kwamba shughuli ya kuhama haitakuwa yake. Kabla hajamaliza kumweleza, mume alikwishakunja mikono ya shati.

Mtu wa kampuni ya kuhamisha mizigo alikuja, akazunguka vyumbani, akataja bei. Bwana Punguza alimpa maji ya kunywa, akamsindikiza hadi barabarani kwa upole, kama anayemsindikiza mfiwa. Kisha akaenda mwenyewe kwenye maegesho ya malori, akampata dereva aliyeleta saruji na sasa anarudi kwao, mji huohuo wanaohamia, lori likiwa tupu. Wakaelewana.

Likaja suala la katoni. Aliposikia katoni tupu zinauzwa, Bwana Punguza alirudi nyumbani amenuna. Akamwambia mkewe kwamba sahani zinahitaji kufungwa na kitu laini, na nguo zinahitaji kubebwa na kitu. Basi zifungishwe ndoa, mambo yaishe. Sahani zikaingia kwenye magauni na makoti, vikombe vikavalishwa soksi, mabakuli yakalala ndani ya suruali, kisha kila kitu kikaviringishwa kwenye mashuka na kukazwa kamba. Friji likajazwa vitabu. Mwalimu alitaka kutenga begi moja la nguo za kazi apande nalo basi. Mumewe akakataa: mabegi ya basi yanalipiwa, na lori litafika muda si mrefu baada yao. Mwalimu akakubali, maana alilitikisa bunda kwa nguvu zake zote na halikulia hata chembe.

Siku ya kupakia, dereva alikuja na mteja wa pili: mama muuza mitumba, anarudi na marobota yake, naye atachangia nusu ya nauli ya lori. Bwana Punguza alimpokea kama shemeji. Alimsaidia hata kupandisha mzigo.

Wao walitangulia kwa basi. Lori lilifika kesho yake jioni, likashusha vitanda, viti, na friji lililowatoa wapakuzi jasho. Kisha dereva akakung'uta mikono. Mwalimu akauliza mabunda yako wapi.

"Ya nguo? Yale tumeyashusha sokoni kwa mama wa mitumba," dereva akajibu. "Kwani nyie nanyi mnauza nguo?"

Mwalimu alimtazama mumewe. Mumewe akatazama tairi. Saa hiyo soko lilikwishafungwa.

Asubuhi iliyofuata alitakiwa kuripoti shuleni, na nguo alizokuwa nazo ni zile alizopakilia na kusafiria: suruali ya michezo na fulana ambayo kiwanda kilimpa mumewe siku ya kumuaga. Mgongoni iliandikwa, kwa herufi kubwa za buluu, ASANTE KWA UTUMISHI WAKO. Walimu waliokusanyika kumpokea waliisoma, wakatazamana, na mmoja wa nyuma akasikika akiuliza kama mkuu mpya amekuja au anaondoka. Aliyemwokoa ni makamu wake, mama mmoja mchangamfu aliyeingia mbio akihema, mfuko wa plastiki kwapani. Alimshika mkono, akawaambia wenzake kwamba mgeni ametoka safari ndefu na wamwache apumue. Mwalimu alimshukuru moyoni. Siku nzima alitembea akiuegemeza mgongo ukutani.

Baada ya masomo alimkuta mumewe getini, wakaongozana sokoni. Mama wa mitumba alikuwa amepanda juu ya meza yake, anapiga kelele za bei. Alipowatambua akashuka.

"Kumbe yale ni yenu?" alisema. "Mimi nafungua bunda, nakuta sahani. Nafungua la pili, vikombe. Nikasema leo tajiri wangu anayeniuzia marobota ameanza kutoa zawadi."

Hakuwa mtu wa hila. Aliwatolea mabunda yaliyobaki bila kuvutana, na sahani zote zilikuwa nzima, jambo ambalo Bwana Punguza alilitaja mara kadhaa bila kuulizwa. Zilikuwa zimeuzwa suruali zake mbili, soksi kadhaa, na suti ya zambarau ya Mwalimu, ile aliyoshonewa na mdogo wake kwa ajili ya cheo hiki kipya.

"Hiyo imeondoka alfajiri," mama akasema. "Kuna mama alikuwa anawahi kazini. Amenibana bei mpaka machozi yakanilengalenga."

Akawarudishia alichopata. Bwana Punguza alizitazama zile sarafu kiganjani, akauliza kwa heshima huyo mama ni nani. Muuzaji hakumjua.

Jumatatu, makamu aliingia kwenye kikao cha walimu amevaa suti ya zambarau. Mwalimu alijiambia kuwa zambarau ziko nyingi duniani. Lakini makamu aliponyoosha mkono kuandika ubaoni, mkono wa koti ukarudi nyuma, na bitana ikachungulia: maua ya njano, kipande cha pazia la sebuleni kwa yule mdogo wake aliyeishona. Mwalimu akahisi hasira inapanda, ikafika kooni, na hapo ikageuka kicheko, akalazimika kujifanya anakohoa.

Kikao kilipokwisha, makamu alimsogelea. "Umeiangalia sana suti yangu, mkuu. Naomba ibaki kati yetu: ni ya mtumba. Sijui aliyeitupa alikuwa na akili gani."

Mwalimu akamkumbuka alivyomshika mkono siku ile mbele ya watu.

"Imekukaa vizuri," akasema. "Tena kuliko ambavyo ingemkaa mwenyewe." Na hilo, akiangalia mabega yake makamu, lilikuwa kweli.

Nyumbani alimsimulia mumewe, akitegemea walau aombe radhi. Bwana Punguza alisimamisha kijiko hewani.

"Ni huyo makamu wako aliyenunua kwa bei ile?"

"Ndiye."

"Muombe atusindikize sokoni. Hatujanunua mapazia."

Jumamosi wakaenda watatu. Makamu alishika kitambaa, akakivuta, akacheka kidogo, akafanya kama anaondoka, akaitwa. Na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Mwalimu alimwona mumewe amesimama mbele ya muuzaji kimya kabisa, mikono nyuma, akisikiliza.