Maneno Chini ya Mlio wa Ngamia

Kikulacho ki nguoni mwako, na Sirad kilimla akiwa amekivaa mwenyewe kwa furaha.

Yeye na Abdihafid, mtoto wa mjomba wake, walilelewa nyumba moja kule Wajir, wakaja chuo kikuu Garissa pamoja, wakaangukia somo moja: kubana sauti. Somo lenyewe si gumu kulieleza, gumu ni hesabu zake. Sikio la binadamu lina uvivu wake. Sauti kubwa ikilia, ndogo iliyo chini yake haisikiki hata ikiwepo. Basi kompyuta huitupa hiyo ndogo, faili likawa dogo, na msikilizaji hana habari kwamba ameibiwa.

Wenzake walisoma wapate kazi. Sirad alikuwa na lake. Likizo moja aliazima kinasa sauti cha idara, akamrekodi mama yake, Weris, akiimba huku akinywesha ngamia kisimani. Katikati ya wimbo dume mmoja akanguruma, na Sirad akaona midomo ya hooyo, mama yake, ikisema kitu, macho yakimwangalia yeye bintiye. Hakusikia hata neno. Alipouliza, Weris alicheka, akamwambia atayasikia mwenyewe kwenye mashine yake. Mwezi haukwisha, homa ikamchukua. Inna lillahi.

Sasa, kinasa kile kilikuwa na maikrofoni mbili, moja imeelekea ngamia, nyingine mama. Mwalimu Kerrow, aliyewafundisha somo lile, alimwambia kwamba mtu akijua hesabu yake anaweza kumpunguza ngamia na kumpandisha mama, ilimradi rekodi iwe ile ya asili, haijaguswa. Tangu siku hiyo Sirad alisoma kwa ajili ya maneno yale tu. Kila somo alilofaulu lilikuwa hatua ya kumfikia hooyo.

Kinasa kilirudishwa idarani kikiwa kitupu. Rekodi akaiweka kwenye diski waliyotumia pamoja, ambayo Abdihafid ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Mtu mwingine angeweka nakala tatu, na nyote mtasema hivyo, najua. Lakini ndugu uliyenyonya naye kifua kimoja unamwekea akiba ya nini? Weris alimnyonyesha Abdihafid pamoja na Sirad, mama wa Abdihafid alipougua, na kwa dini yetu huyo si binamu tena, ni kaka.

Mwaka wa nne alipoona hesabu sasa anaziweza, alimwomba lile faili. Abdihafid alichelewa siku mbili tatu, kisha akaja nalo, akamvisha hedfoni kwa mikono yake na kumuuliza kama ni hooyo kweli. Sirad alisikia wimbo, ndoo, vicheko vya wanawake, akalia kama mtoto. Akasema ndiye, ni hooyo. Akamshukuru, tena akamwombea dua. Dua, jamani!

Maabara ilimfichulia. Alimpunguza ngamia, akapunguza tena, na chini yake hapakuwa na mtu. Si kwamba sauti ilikuwa hafifu. Palikuwa na mikwaruzo mitupu. Akadhani amekosea, akarudia tangu mwanzo, jibu likawa lile lile. Mwisho akamwita Mwalimu Kerrow, naye akafungua picha ya sauti kwenye kioo, akaona sehemu ya juu yote, ya sauti nyembamba, imekatwa kama kwa kisu.

Mwalimu akamwambia taratibu kwamba faili hili limewahi kubanwa, kisha likafumuliwa lionekane zima. Ukubwa wake umerudi, ila kilichotupwa hakirudi. Na kilichotupwa kwanza ni kile alichokifunika ngamia.

Alimkuta Abdihafid nje ya maktaba na kikombe cha chai. Hakukana sana. Diski ilijaa naye ana kazi zake mwenyewe za kuhifadhi, akabana kila kilichokuwamo na kufuta vya asili. Alipoombwa faili aliogopa, akalifumua ili lifanane. Angeweza kusema. Alikuwa na mdomo. Badala yake alimvisha hedfoni kumpima, na hebu nisaidieni, uso wa namna hii mtu anauazima wapi: kilio kile akakiingiza kwenye utafiti wake, kwamba msikilizaji anayeijua sauti ile kuliko wote duniani hakugundua kitu. Alipata sifa nao.

"Abaayo, dada yangu, kufuta nilikosea," alisema. "Lakini maneno yale hata siku ile kisimani hukuyasikia. Na nilipokuletea ulisikiliza ukasema ni yeye. Hukuona tofauti hata kidogo."

Sirad alitafuta katika uso ule yule kaka aliyemjua.

"Sikuwa natafuta tofauti," akasema. "Ni wewe uliyekuwa umeniletea."