Kidole Kisicho na Hina

Kwetu Atbara joto likianza tunatoa vitanda vya kamba, tunalala uani, kwa hiyo siri ya mtu anayekoroma haikai. Inaruka ukuta. Asubuhi nikifungua mlango kusubiri maziwa, Nafisa wa nyumba ya pili ananiuliza, "Mama Rihab, usiku ilipita treni ya mizigo au ya abiria?" Nami namjibu ilipita ya mizigo, ilikuwa inakusanya midomo ya umbea ikaitupe baharini, na mdomo wake wameusahau. Tunacheka, yanaisha.

Kukoroma hakukuniuma. Mama yangu alikoroma, bibi yangu alikoroma, na wote walizikwa na heshima zao. Kilichoniuma ni mchana. Nilianza kusinzia. Nasinzia nikichambua dengu, nasinzia matangani watu wakadhani nimezidiwa na kilio. Siku moja nilisinzia mbele ya bamba la moto nikipika mikate ya kisra, mkono ukaangukia chuma, nikaamshwa na harufu ya ngozi yangu mwenyewe. Kovu lipo mpaka leo.

Na wa kwanza kugundua kwamba nasinzia alikuwa Hajja Saadia, mama mkwe wa binti yangu Rihab. Huyu ni mjane, mwembamba kama ufito, mikono mitupu bila hina tangu mumewe afariki, kama desturi yetu inavyotaka. Mikono ilifiwa. Ulimi haukufiwa hata kidogo.

Rihab alikuwa na mimba yake ya kwanza, amebakiza miezi miwili. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti, mzazi akatimiza arobaini hapo, na bibi ndiye anayemwogesha mtoto na kumpakata. Hilo halina mjadala. Nilikwisha kushona vigodoro na kuweka ubani tayari. Basi Hajja akaja kunywa kahawa tupange mambo, na mimi, kikombe kiko mkononi, nikasinzia. Nilipofumbua macho kahawa yote ilikuwa mapajani kwangu, naye ananitazama.

"Batoul," alisema, "leo kimeanguka kikombe. Kesho ataanguka nani? Mjukuu wangu hatapakatwa na mtu anayelala ameketi. Rihab atazalia kwangu."

"Wallahi hazalii kwako!"

"Basi pona kwanza."

Akasimama, akaaga vizuri kabisa, akaniachia na salamu za kumpa mume wangu. Nililia mpaka kichwa kikaniuma. Angenitukana ningemjibu. Lakini alikuwa amesema kweli, na ukweli utaujibu nini?

Usiku ule nilimbana mume wangu, Tajelsir, fundi mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. "Niambie," nikasema, "nikilala ninafanya nini?"

"Kukoroma si neno," akasema. "Neno ni unapoacha. Unakoroma, halafu kimya. Kifua hakipandi. Nakutikisa mguu, ndipo unavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani."

"Tangu lini?"

"Zamani."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia. Ukasema mimi ndiye ninayekoroma."

Kweli nilisema hivyo. Na ningesema tena.

Daktari wa kifua huja mjini kwetu kutoka Khartoum kila baada ya wiki mbili. Alinisikiliza, akanitazama shingo, akasema koo langu linajifunga nikilala, pumzi inakatika, damu inakosa hewa, ndiyo maana mchana siko macho. Dawa ipo, mashine ndogo ya kusukuma hewa puani. "Ila siwezi kukuandikia mashine kwa masimulizi ya mzee, mama," alisema. "Nataka kuona hewa yako inashukaje usiku. Nenda Khartoum ukalazwe upimwe, foleni yake ni miezi. Au tafuta kipima oksijeni cha nyumbani, kile kinachohifadhi usiku mzima, uniletee safari ijayo."

Foleni ya miezi! Mimba haipangi foleni. "Nitakileta," nikasema, na nilipotoka pale nilikuwa nimeshaamua.

Tajelsir, kwa kunirahisishia, alipita duka la dawa akaja na kidude cha kubana kidole. Kinawaka, kinasema namba, ukikitoa kinazimika na kusahau kila kitu. "Mimi nitakaa nikisome," akasema, "niandike." Nilimkuta alfajiri kwenye kiti, tochi inawaka, kalamu sakafuni, yeye amelala kinywa wazi. Nikamfunika shuka. Kukesha nako kunataka mwenyewe.

Basi nikamchukua Rihab na tumbo lake tukaenda kwa Mutasim, muuza vifaa vya hospitali karibu na soko. Akanipangia mezani kama muuza bangili.

"Hiki kizuri sana, mama. Kinatoa mwanga wa rangi nne."

"Baba, sitafuti taa za harusi. Kinakumbuka?"

"Kinakumbuka namba ya mwisho."

"Hata mbuzi anakumbuka ya mwisho. Nataka kinachokumbuka tangu ninapoweka kichwa mpaka adhana ya alfajiri. Betri ifike, maana umeme wetu unaujua. Hewa ikishuka kipige kelele. Na nikijigeuza kisiruke, mimi silali kama maiti, nalala kama mtu anayepigana."

Mutasim akacheka, akafungua kabati. Akatoa pete. Nzuri, inahifadhi usiku mzima. Ikamkaa Rihab vizuri. Kwangu iligoma kwenye fundo la kidole, na kuitoa ilibidi iletwe sabuni. "Hii wamewatengenezea wanasesere," nikasema. Mwisho akatoa kingine, kinafungwa mkononi kama saa, kina waya mfupi na kofia laini ya mpira ya kuvaa kidoleni. Akajivika mwenyewe: tisini na saba. Nikauliza maswali yangu yote tena, moja moja, naye akanionyesha kumbukumbu, kengele, betri. Nikachagua hicho. Nilitoka dukani kifua mbele.

Usiku wake hatukulala. Kidude kilipiga kelele kabla sijafumba macho. Tajelsir akakiangalia: sabini na nne. Tukakizima, tukakivaa upya, kikalia tena. Nafisa akapiga kelele ng'ambo ya ukuta, "Jamani, hiyo treni sasa imepata na honi?" Daktari alisema mtu mzima yuko juu ya tisini na tano. Mimi niko macho, nimeketi, na sabini na nne? Nikamwambia Tajelsir kama nikifa Rihab asizalie kule. Akaniambia ninyamaze.

Asubuhi nilimwingia Mutasim dukani na Rihab nyuma yangu.

"Umeniuzia kitu kibovu!"

"Mama, taratibu."

"Taratibu nini? Mtu mwenye sabini na nne anaweza kukugombeza hivi?"

Akajivika: tisini na saba. Akanivika: sabini na tano, kisha vistari vitupu. Uso ukambadilika. Rihab akasema kwa sauti ndogo, "Nijaribu mimi." Akavaa. Sabini na nane.

Nilimwona mwanangu anashika tumbo, macho yamemtoka. "Mama, mtoto anapata hewa?" Nikamshika bega.

Akapita mwanamume aliyekuja kununua bandeji. "Baba, lete kidole," nikamwamuru. Tisini na sita. Hapo nikatulia, nikaanza kufikiri. Wanaume wazima, wanawake mahututi? Ugonjwa gani huo unaochagua? Nikaweka mkono wangu mezani, nikauweka wa Rihab, nikamwambia Mutasim aweke wake katikati. Mkono wake mtupu. Yetu sisi, harusi ya mpwa wangu ilikuwa juma lililopita, vidole vyote vyeusi tititi kwa hina, piko juu ya piko, kucha kama zimechovywa lami.

"Hiki kitu kinaonaje damu?" nikauliza.

"Kwa mwanga, mama. Unapita ndani ya ukucha..." Akaishia hapo. Akajipiga paji la uso. "Ya Salaam!"

Rihab alicheka na kulia pamoja.

Sasa tufanyeje? Vidole vya miguu vyeusi vyote. Mutasim alisema anaweza kuagiza cha kubana sikioni kutoka Khartoum, lakini daktari alikuwa anakuja keshokutwa, na akiondoka ni wiki mbili nyingine, na mashine nayo itafutwe, na mtoto yuko njiani. Sikuwa na usiku wa kupoteza. Nikarudi nyumbani, nikalowesha kidole kimoja, kile cha shahada cha mkono wa kushoto, kwenye ndimu na chumvi, nikakisugua kwa jiwe mpaka nyama ikawa nyekundu. Ngozi ikakubali. Ukucha ukakataa. Nikamwambia Tajelsir, "Nipe tupa yako."

Akaelewa. Akarudi nyuma. "Batoul, la. Mke wa mtu hafuti hina. Kwetu kidole kitupu ni cha mjane. Unanizika ningali hai?"

"Nikuzike wewe kwa kidole kimoja, au wewe unizike mimi mzima? Chagua, baba Rihab."

Kisha akaenda kwenye sanduku lake la reli, akaja na tupa ndogo kuliko zote, akaketi, akaweka mkono wangu juu ya goti lake. "Utajiumiza ukifanya mwenyewe," akasema. Akausugua ukucha polepole, akipuliza vumbi, kama alivyokuwa akisugua vyuma vya injini ujanani, na sikumwona akiinua macho mpaka ukawa mweupe. Nilimpenda mtu yule siku ile kuliko siku aliyonioa.

Nafisa aliponiona alishika kifua. "Mungu wangu! Tajelsir?"

"Amekufa kidole kimoja tu," nikamwambia. "Vingine tisa anaendelea vizuri."

Kidude kikasoma: tisini na sita nikiwa macho. Nikalala nacho usiku ule na uliofuata. Daktari alichomeka waya, akatazama milima na mabonde ya pumzi yangu, akasema, "Mama, mume wako amekufanyia kazi kubwa sana miaka hii." Akaandika mashine. Tukahangaika mpaka tukaipata, Tajelsir akaifunga na betri ya gari umeme usije ukanikatia hewa, na nikaanza kulala na barakoa puani. Juma la kwanza nilitaka kuitupa kisimani. Nikakumbuka kile kikombe, nikaivaa. Juma la tatu niliamka alfajiri nikasikia ndege. Nilikuwa nimesahau kwamba alfajiri kuna ndege. Nafisa ndiye aliyelalamika, eti kimya kinamnyima usingizi.

Hajja Saadia hakushawishika. "Azalie kwako," alisema mwishowe, "lakini nitakuja kila mchana nikae. Nikikuona umesinzia mara moja, tunaondoka na mtoto."

"Karibu. Njoo na mto wako."

Rihab akajifungua mtoto wa kike, akapewa jina la mama yangu, Sittana. Na Hajja akaja, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ameketi wima kama askari wa getini. Mimi naogesha, nafunga, nabembeleza, macho makavu. Akawa hana la kusema. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nautaka ule ukimya wake kama sukari.

Mchana mmoja wa joto alimpakata mtoto yeye, Rihab amelala ndani, mimi nikaenda kuchemsha kahawa. Niliporudi kichwa chake kilikuwa kimeangukia kifuani na mikono inalegea. Nikaweka sinia chini, nikamchukua Sittana taratibu. Nakwambia ukweli, furaha ilinipanda! Nilitaka kumwita Rihab, nimwite Nafisa, niite mtaa mzima uje ushuhudie.

Kisha Hajja akakoroma. Mara mbili, tatu. Halafu kimya.

Nikangoja. Kifua hakikupanda.

Kidude kilikuwa rafuni karibu. Mkono mmoja na mtoto, mkono mwingine nikamvika. Kidole cha mjane, kisicho na hina: kilisoma hapo hapo, bila ubishi. Tisini. Themanini na sita. Themanini na moja. Nikamshika mguu nikautikisa kwa nguvu, nikisema "Hajja! Hajja, vuta!" naye akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani.

Akafumbua macho. Akaniona nimempakata mtoto, akaona kofia ya mpira kidoleni mwake.

"Nilifumba macho tu," akasema.

"Najua. Hata mimi nilikuwa nafumba macho tu."

Alitazama namba ikipanda. "Ilifika ngapi?"

Nikamwambia. Nikaukumbuka ua wake, mpana, umefagiwa, una kitanda kimoja.

"Usiku nani anakutikisa mguu?"

Akaitazama mikono yake. "Nani atanitikisa, Batoul?" akasema. "Tangu marehemu aondoke, nani?"

Nikamrudishia mtoto mapajani, nikaketi ubavuni kwake, nikaweka mkono wangu chini ya wake tukamshika wote wawili.

"Leo unalala hapa," nikasema.

"Nina nyumba yangu."

"Wallahi huondoki. Tajelsir! Toa kitanda kingine uani, kiweke karibu na changu."