Vidole vya Baada ya Uchaguzi

Siku ya pili baada ya uchaguzi wa diwani, Bibiana aliwasha jiko lake la vitumbua pale Katindiuka saa kumi na mbili asubuhi, kama kawaida. Mteja wa kwanza alikuwa Nickolaus, dereva wa bodaboda. Alishika kipande cha gazeti kwa mkono wa kushoto ili awekewe vitatu. Mkono ule ulikuwa na vidole sita. Vidole vidogo vilikuwa viwili, vimekaa bega kwa bega, vyote na wino wa kura.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulipiga mara mbili?"

"Mara tatu, bibi. Kimoja bado kinachipua." Akamwonyesha uvimbe. "Kinawasha tu. Niwekee vya moto."

Kufikia saa tatu Bibiana alikuwa ameona vidole vya ziada thelathini na kitu. Muuguzi wa zahanati alipita, akawashauri watu wakate kucha na wasivitoboe.

Bibiana aliishia darasa la nne, lakini hesabu ya kutoa aliijua. Kituo chao kilikuwa na majina mia nne kwenye daftari, na karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani ilisema kura mia sita na kumi na moja. Aliyeshinda ni Egidius, mnunuzi wa mpunga, ambaye kwenye kampeni alisema mashamba ya kando ya barabara yatapimwa yajengwe maghala. Aliyeshindwa ni Mwalimu Valeria, ambaye aliapa mashamba ya watu hayataguswa. Shamba la Bibiana, ekari moja na nusu, lilikuwa kando ya barabara. Lingine hakuwa nalo.

Basi akawa anachungulia mikono. Mtu akija kaficha mkono ndani ya kitenge, Bibiana anamwekea vitumbua vingi, vya kubebwa kwa mikono miwili, halafu anasubiri. Hata waliokuja na vidole vitano aliwaangalia mara ya pili.

Saa nane alikwenda ofisini kwa msimamizi wa uchaguzi. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti.

"Malalamiko yako nini, mama?"

"Vidole."

"Vya nani?"

"Vya watu. Vimezidi."

Msimamizi aliitafuta sehemu ya vidole kwenye fomu, akaikosa, akaandika kwenye "mengineyo". Feni ilikuwa inapeperusha karatasi, naye aliikandamiza kwa mkono wa kushoto. Vidole tisa vilitosha kabisa.

"Tutalifanyia kazi," akasema, akagonga muhuri.

Nyumbani alikuwepo Raimundi, kitinda mimba wake, ambaye aliapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba kura yake ni ya Mwalimu Valeria. Jioni ile alikula wali kwa mkono wa kulia, wa kushoto kaukalia.

"Toa mkono, Raimundi."

"Umekufa ganzi, mama."

"Utoe hivyo hivyo na ganzi yake."

Akautoa. Vidole vilikuwa vinane. Bibiana alivihesabu mara mbili. Cha mwisho kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga.

"Nimeahidiwa kibarua kwa wapimaji," Raimundi akasema. "Shamba lingekwenda tu, mama. Hata nisingepiga."

"Basi ungepiga mara moja," Bibiana akasema, akamwongezea mboga.

Ijumaa wapimaji walikuja. Raimundi alishika ncha ya utepe. Upepo ulivuma kwa nguvu kutoka bondeni, lakini utepe haukumponyoka hata mara moja, na mpimaji mkuu akamsifu mbele za watu. Vigingi sita vya zege vilisimikwa kwenye shamba ambalo lilikwishalimwa, likingoja mvua. Bibiana alisimama pembeni mpaka cha mwisho. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kazi ilipokwisha, Raimundi alikuja nyumbani, mikono imejaa udongo. Mama yake akachukua jagi, akammiminia maji. Mkono wa kulia ulitakata upesi. Wa kushoto, kwa vile udongo ulikuwa umeingia kati ya kidole na kidole, ulimaliza maji yote, na Bibiana akaenda kujaza jagi tena.