Pini ya Shangazi Regina

Tulikuwa wanawake sita chumbani kwa mama, tumevaa soksi nyeupe zinazofanana ili mposaji asitambue miguu ya mtu, na shangazi Regina alikuwa akitufunika leso mmoja mmoja. Kwetu Kibirichia msichana hapeanwi hivi hivi. Wageni wakishakula, wanatolewa wanawake waliofunikwa gubigubi kutoka utosini hadi vifundoni. Hawasemi wala hawacheki. Mwanamume anamgusa anayedhani ni wake, na dada zake wanaivuta leso mbele ya watu wote. Akikosea, upande wake unatozwa kreti za soda na kuchekwa. Akikosea mara tatu, wageni wanarudi kwao wakajipange upya. Hiyo ya mara tatu ni sheria ya ukoo wetu, na aliyeitunga ningempata siku hiyo ningemzaba kofi.

"Simama wima, Kawira," shangazi akaniambia. "Hao dada zake wa Embu wako na macho. Wasikuchungulie."

Akanifunika leso mbili, akapiga pini hapa na pale kama mtu anayeshona gunia la viazi. Ndipo niliposikia kitu kikinivuta utosini. Pini moja ilikuwa imetoboa leso ikazama kwenye wigi.

"Auntie, umeshika nywele."

"Nyamaza, watasikia sauti yako."

Mlango ukafunguliwa, nasi tukatolewa uani.

Nieleze hizo nywele. Mwaka jana msusi wangu wa mjini Meru alisimamisha kusuka ghafla, akaniuliza kama nimewahi kuungua kichwani. Kisogoni kulikuwa na duara laini, kubwa kama kizibo cha soda. Nilicheka. Baada ya wiki tatu maduara yalikuwa manne, na kila asubuhi nilikuwa naokota nywele kwenye mto. Shangazi Regina alisema kuna mtu alizibeba nywele zangu kutoka saluni akaenda kuzifanyia mambo. Mama alilaumu rasta za kukaza. Mimi nililaumu sabuni, maji ya mfereji, na jua la soko la Gakoromone ninakouzia viazi.

Daktari wa ngozi alinieleza bila haraka. Alisema ugonjwa huo unajulikana na unaitwa alopesia. Kinga ya mwili, ile inayopigana na maradhi, imekosea adui na kuishambulia mizizi ya nywele. Hauambukizi. Hakuna aliyeniroga, na hakuna kosa nililofanya. Dawa za kujaribu zipo, lakini nywele zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi, tena zinaweza kurudi na kwenda zao mara ya pili. Nikamuuliza nitaishije na hizo "zinaweza" zake. Akasema wagonjwa wake wengi huchoshwa na kujificha kuliko upara wenyewe, akanishauri nimwambie angalau mtu mmoja ninayemwamini.

Mtu huyo alikuwa Munene, na sikumwambia. Munene, mposaji wangu, ni fundi wa pampu za maji kutoka Karurumo, Embu. Siku ya kwanza alipokuja kununua viazi aliniambia nina nywele nzuri, nami nikayashika maneno hayo kana kwamba hakuna kingine alichokiona. Nywele zilipoisha nilinunua wigi. Akiinua mkono kunigusa kichwa, niliudaka hewani nikaugeuza mchezo. Miezi minane niliukwepa mkono wa mtu ninayempenda, kisha nikifika nyumbani nalia kwa hasira na kumchukia kwa kosa ambalo hakulifanya.

Basi nikasimama kwenye mstari, wa nne, uso wangu ndani ya kitambaa. Nilijaribu kutikisa kichwa kidogo. Wigi ikasogea pamoja na leso. Leso ikivutwa, kichwa changu kitabaki uchi mbele ya watu wa Embu, pasta wetu na majirani wote. Mikono ilikuwa ndani na nisingeweza kuitoa bila kujitangaza. Jasho lilinitiririka mgongoni, na hapo ni Kibirichia, mahali watu wanavaa sweta saa sita mchana.

Nilisikia viatu vya Munene vikija. Alisimama kwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliponifikia nilinusa sabuni yake.

Bibi arusi haruhusiwi kusema. Nilisema, kwa mnong'ono.

"Munene, ni mimi. Usiniguse. Leso imeshikana na wigi. Sina nywele. Zilianguka, sikukuambia."

Miezi minane nilitafuta mahali pazuri pa kumwambia, nikaja kumwambia nikiwa ndani ya gunia.

Nilisikia akivuta pumzi, halafu viatu vikasonga mbele. Vikaenda hadi mwisho wa mstari, vikasimama, na watu wakalipuka kwa kicheko. Alikuwa amemchagua binamu yangu Mukiri.

"Faini!" wanawake wetu wakashangilia.

Nikajiambia, ameshasikia, na sasa anatafuta mlango wa kutokea.

Akarudi mstarini. Akanipita tena. Safari hii akamgusa wa pili, na leso ilipovutwa ikawa ni Cucu Celina, nyanya yangu mwenye miaka sabini na sita, ambaye alimkumbatia na kukataa kumwachia. Uani watu walikufa kwa kicheko. Upande wa wageni ndio haukucheka.

"Huyu kijana anajua msichana yake kweli?" Hiyo ilikuwa sauti ya mjomba wake, mzee Njue. "Ama tumetoka Karurumo asubuhi yote kuchekesha watu? Munene, umebakisha moja. Ukikosa, mimi sitarudi hapa kuaibishwa tena."

Viatu vikaja. Vikasimama mbele yangu.

"Nimetafuta njia nimekosa," Munene akanong'ona. "Nikikugusa watavuta. Wacha nikosee hii ya tatu, twende. Nitakuja siku ingine, hata kama ni peke yangu."

Ndipo nilipoelewa. Hakuwa akinikimbia. Alikuwa amesimama pale akiitwa mjinga mbele ya ukoo wake na wangu, kwa ajili ya nywele za dukani. Nilimwonea huruma, kisha nikaona aibu, kisha nikapandwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonisaidia.

"Rudi nyuma kidogo," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

Nikatoa mikono, nikashika leso zote mbili karibu na utosi, nikavuta. Pini ilinikwaruza. Leso na wigi vikaanguka chini pamoja, na upepo wa mlima ukanipiga kichwani mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

Mama alijifunika mdomo. Mzee Njue alisahau kutafuna majani yake ya muguka.

"Ngai!" mwanamke mmoja wa Embu akasema. "Hayo si mashilingi, ile ya vichwa vya watoto wa shule? Si inashika wengine?"

"Haishiki," nikasema. "Si mashilingi. Ni mwili wangu umekosana na nywele zangu. Daktari amesema zinaweza kurudi, na zinaweza zisirudi. Anayetaka kuondoka kwa sababu hiyo, aondoke saa hii."

"Mimi nilisema kuna mtu alibeba nywele saluni," shangazi Regina akaanza.

"Sikurogwa, Auntie. Nyamaza sasa."

Munene aliinama, akaokota leso, akaichomoa ile pini polepole na kumkabidhi shangazi. Wigi akanirudishia mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Miezi minane, Kawira," akasema kwa sauti ya chini. "Nimekasirika. Si nywele. Ni vile ulifikiria mimi ni mtu wa kukimbia. Hiyo tutaongea."

"Tutaongea," nikasema.

"Kijana," mzee Njue akaita, "unachagua ama huchagui? Hiyo ni ya mwisho, na sheria inasema mpaka umguse."

Munene akanitazama. Akainua mkono kwenye usawa wa kichwa changu, akausimamisha hapo.

"Naweza?" akauliza.

Mikono yangu ilishazoea, na ule wa kulia ulikuwa umeshaanza kupanda kuudaka wake. Nikaushusha. Kiganja chake kikatua utosini, kikavu, kina makovu ya spana, chenye joto, nami sikukikwepa.