Neno Moja kwa Siku

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa glavu za mpira, Winnie Blanchard aliandika neno moja gumu la Kiingereza kiganjani kwa kalamu ya wino. Kufikia jioni, maji ya samaki yaliyopenya glavu yalikuwa yameshalifuta, kwa hiyo ilikuwa lazima liwe limeshaingia kichwani. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Akiwa na miaka kumi na minne alitoka shuleni akaja moja kwa moja katika kiwanda hiki cha samaki, mjini Grimsby, Uingereza, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa na vyumba ambavyo hajavifungua.

Wenzake walimcheka. Meza yao ya chai ilikuwa na sheria: atakayetamka neno la kibwanyenye anawachemshia wote. Winnie alichemsha chai miezi saba. Angefunga mdomo yangeisha, lakini mwanamke yule hakuwa na adabu ya kushindwa.

"Leo umelala kwa malkia nini, shoga?" Beryl aliuliza, huku wengine wakicheka. "Haya, birika lile pale."

"Nalijua lilipo," Winnie akajibu, na akiwa njiani akatamka neno jingine, refu kuliko la kwanza.

Alhamisi meneja, Bwana Pocklington, aliwaletea karatasi pale pale mezani. Watie sahihi tu, akasema, ni mambo ya ofisi. Mwenzao mmoja akashika kalamu. Winnie akasoma juu ya bega lake, akakutana na "relinquish", neno alilojiandikia kiganjani mwezi Machi, damu ikamchemka.

"Weka kalamu chini, Sheila! Hapa tunakubali kuachia mapumziko ya chai. Kwa hiari yetu, eti. Moja kwa moja."

Bwana Pocklington akawa mwekundu. "Kazi yako ni samaki, Bi Blanchard. Tia sahihi, au Jumatatu usije."

Winnie alikuwa mjane, na kibarua hiki ndicho kilichomlisha. Aliogopa, tena sana.

"Sitii sahihi. Ungetaka tuelewe, ungeandika tukaelewa."

Kisha Beryl akaipokonya karatasi mkononi mwa Sheila, akamsukumia Winnie.

"Isome yote, kwa sauti," akasema. "Na hayo maneno makubwa, usiruke hata moja."